Masanduku ya Majembe

"Gonga muhuri, mama. Nchi imelemewa na madeni, dola hakuna," alisema mjumbe wa wizara.

Karatasi ilisema ni majembe, masanduku mia mbili, yakivuka mpaka kwenda nchi jirani yenye vita, ambako sheria ilikataza kuuza hata risasi moja.

Bi Mwatumu, afisa wa forodha, damu ilimchemka. Akautia muhuri mfukoni, akachukua mtaimbo, akaliendea sanduku la kwanza.

"Unafanya nini?"

"Jembe langu limekwisha, bwana. Niuzie moja hapa hapa. Njoo unichagulie."

Mjumbe hakusogea. Wapagazi wakarudi nyuma, mmoja mmoja, hadi ukutani.

Bi Mwatumu akaupachika mtaimbo chini ya kifuniko, akaukandamiza kwa uzito wake wote. Msumari wa kwanza ukalia.