Francine Aacha Kahawa

Habari zilitoka kwa Nedra, mtengeneza nywele wa mji wa Gunnison, na Nedra alizipata kwa mpwa wake aliye misheni kule Kansas: kati ya wale wamisionari wawili wa mji wa Hays, mmoja amefungasha sanduku, anataka kurudi kwao.

Larene Bagley alitoka saluni na rola kichwani.

Hakuhitaji kuuliza ni yupi. Mmoja wa wale wawili alikuwa Mzee Pulsipher (kanisa lao huwaita wamisionari vijana "Mzee"), mwenye mwaka mzima kazini. Wa pili alikuwa kitinda mimba wake mwenyewe, Tavin, ambaye huko kazini sasa aliitwa Mzee Bagley ingawa tangu azaliwe hajafua soksi zake. Alikuwa amefika juzi tu.

"Anarudi, Merrill!" alimwambia mumewe. "Uso tutauweka wapi? Kanisa zima limemuaga. Nimepika viazi vya jibini mpaka jirani akaniazima oveni."

"Si atapiga simu Jumatatu? Muulize."

"Jambo kama hilo mtoto hamwambii mama yake. Anamwambia mtu baki."

Hapo ndipo akili, ambayo Larene huwa hana nyingi akishikwa na wasiwasi, ilipomjia. Siku za kazi wamisionari hawapigi soga na nyumbani. Lakini mtu yeyote mwenye kiu ya neno huwaandikia muda wowote akajibiwa. Akachukua simu kuukuu ya zizini, ile ya kumwitia daktari wa ng'ombe, akaandika kwa namba ya wamisionari wa Hays: *Mimi ni Francine, mjane, mgeni mjini kwenu. Namtafuta Mungu. Msije nyumbani, nina tetekuwanga.*

Jibu lilikuja mara moja, la adabu, lenye nukta na mkato kila panapotakiwa. Larene akavimba kichwa. Tavin, ambaye walimu walikata tamaa naye! Misheni imemnyoosha kabla hata hajamaliza wiki.

Francine akafundishwa kusali. Francine akafundishwa kufunga. Kisha Larene, ili Francine aonekane mtu wa kweli, akambebesha dhambi: kahawa, ambayo kanisa lao linaikataza, birika zima kila asubuhi. Basi ikabidi aiache.

*Leo kichwa kinanigonga kwa kuikosa,* aliandika, huku akinywa maziwa.

Merrill alichungulia begani kwake. "Mke wangu, hujawahi hata kuinusa. Sasa unaiachaje?"

"Kwa shida sana. Hebu ondoka, ananipa moyo."

Lakini umama haufichiki kwa tetekuwanga. Mchana mmoja vidole vilimponyoka: *Unakula lakini, mwanangu?*

 Alikuwa amekwisha kukamua ng'ombe wawili simu ilipolia tena.

*Si sana, Dada Francine. Nakumbuka pichi za mama, zile alizokuwa akizihifadhi kwenye chupa.*

Larene alikaa juu ya ndoo, akalia. Pichi! Tavin huyu aliyekuwa akimtupia mbwa chini ya meza!

*Sanduku langu liko mlangoni,* ujumbe uliendelea. *Mwenzangu ameliona, lakini naona haya kumweleza. Sasa hivi yuko jikoni anaosha vyombo, anaimba.*

"Huyo Pulsipher!" Larene alifoka, ng'ombe wakageuka. "Mtoto wa watu anakufa kwa upweke, yeye anaimba! Amelelewa wapi hayawani yule?"

Akaandika: *Ukiondoka, kesho narudia kahawa, na kosa litakuwa lako. Nisubiri nipone. Fungua hilo sanduku utoe shati moja. Moja tu.*

Alingoja. Maziwa yakapoa.

*Nimetoa mawili,* jibu likasema.

Jumatatu, siku yao ya mapumziko, Tavin alipiga simu ya picha kwa simu yake mwenyewe. Uso ulijaa kioo kizima, mdomo umejaa mkate.

"Mama! Akina mama wa huku wanatulisha kama ng'ombe wanaonenepeshwa kwa maonyesho. Suruali inanibana."

"Usijikaze mbele yangu, baba. Najua ni vigumu. Na yale mashati yaliyobaki uyatoe leo leo."

"Yaliyobaki wapi?"

"Sandukuni, Tavin."

"Mimi sanduku langu nililimwaga sakafuni siku niliyofika, na vitu bado viko sakafuni." Akasogea karibu na simu, akashusha sauti. "Nani kakwambia habari za sanduku? Hilo ni la Mzee Pulsipher, masikini. Mama yake alifariki wakati wa theluji, yeye yuko huku. Nilidhani ataondoka kweli. Ila kuna mama mmoja mgonjwa ambaye Pulsipher anamfundisha kwa simu, yaani simu yetu ya kazi siku hizi mimi hata siigusi. Mtazame."

Nyuma yake, kijana mwembamba alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, ameinama, anaandika.

Mfukoni mwa aproni ya Larene, simu ya zizini ikatetemeka.

Wewe mama uliyempeleka mtoto misheni, epuka haya:

Habari za saluni.

Jina la uongo.

Kumtukana mtoto wa mwenzako ambaye hujamwona.

Kuizima simu ya zizini.