Ndoo ya Mama Mkwe

Anisia alichovya mkono kwenye ndoo ya mama mkwe wake, akakuta maji ni ya baridi.

Mama mkwe alikuwa ameketi bafuni, khanga imelowa mgongoni. Aliletwa kwao mjini, mtaa wa Ngokolo, kutoka Ushirombo ili atibiwe kifua, na mganga alimkataza kabisa kuoga maji ya baridi. Lakini Julai ile ya mwaka 1981 mkaa uliadimika mjini. Anisia alichemsha sufuria moja tu kila asubuhi: nusu ya mama mkwe, nusu ya mwanawe mchanga, Kamili.

"Mama, maji yako ya moto yako wapi?"

"Nayamimina kwenye beseni la mtoto."

"Tangu lini?"

Mama mkwe alijaribu kufunga khanga kavu. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa, kucha zimegeuka rangi, na fundo likamshinda.

"Tangu nilipokusikia ukimwambia mumeo mkaa hautatufikisha Jumapili. Heri mtoto asipungukiwe."

Anisia alipiga magoti kwenye sakafu yenye maji, akamfunga khanga mwenyewe. Akamwongoza taratibu hadi kibarazani, akamketisha juani. Kisha akakimbilia jikoni, akamimina mkaa wote uliobaki kwenye jiko, akabandika sufuria kubwa.

"Mama Kamili, utaumaliza!" mama mkwe aliita, sauti ikikatwa na kikohozi.

"Acha uishe, Mama!"

Alipuliza moto hadi machozi yakamtoka. Maji yalipoanza kuchemka, alimwita mama mkwe wake. Kibarazani hata kikohozi hakikusikika.

Akamwita tena, kwa sauti kubwa zaidi.