Fujo Katikati ya Ubao

Pale klabu ya chesi kila mtu alishaijua dawa ya kuifunga programu ya chesi aliyoiandika Tunu: vuruga katikati. Kete zikishatishiana, kompyuta inafuata kila kula mpaka mwisho, nani kamla nani, nani atalipiza, mpaka muda unaiishia. Shekue, bingwa wao, ndo mchezo wake huo. Na leo ni fainali, akifungwa kombe linaondoka.

Basi akamwaga fujo. Farasi, ngome, askari, wote wakatazamana kama wagomvi sokoni.

"Haya Tunu, ichemshie na chai kabisa," akatania. "Itakaa hapo mpaka isha."

Watu wakacheka. Hawajamaliza, kompyuta ikajibu. Tunu akaisogezea kete, akabonyeza saa.

Shekue akakodoa macho. "Umeifanya nini, dada?"

"Zamani ilikuwa inahesabu kila kitu, kaka. Sasa nimeiambia, kama ushapoteza malkia, kumla askari mmoja hakukuokoi. Njia hiyo iache, usiifuate."

"Yaani ushaibiwa ng'ombe, unahangaikia yai?"

"Ndo hivyo."

Shekue akarudi kwenye ubao. Kumbe mwenyewe alikuwa bado anazifuata njia zote, hata za kijinga, na saa yake inakimbia. Mashallah, huyu binti ana kichwa! Akajikuta anatabasamu, na kombe linamponyoka.

Akaanza kuziacha zile za kijinga, moja baada ya nyingine. Ikabaki moja. Akamnyanyua farasi, akamtua, akabonyeza saa. "Na mimi nimeliacha yai, dada."