Alama ya Kijani

Sogea nikutegee. Nina soko langu: watu ndio bidhaa, watu ndio wanunuzi, na hakuna anayetoka nyumbani kwake. Ni nini? Miji usinipe, ninayo tele. Nipe sikio tu. Ni ile programu ya simu ya kutafutia wachumba. Na dobi ninayetaka kukusimulia habari zake alikuwa akilipia soko hilo kila mwezi.

Siku hiyo, katika ofisi ya programu hiyo, alingoja foleni iishe, hata mlinzi akaanza kumtupia jicho. Ndipo akasogea mezani kwa karani wa huduma kwa wateja, mtandio umeshuka mpaka kwenye nyusi.

"Nimekuja kusimamisha makato," alinong'ona.

"Kaa, mama yangu. Usione haya, hapa tunapokea mpaka mabibi harusi watarajiwa wa miaka themanini."

Karani alikuwa binti mchangamfu, mdomo hauna breki. Akaingiza namba ya dobi kwenye kompyuta. "Miezi saba unakatwa. Neno lako la siri?"

"Silijui."

"Nyote husahau." Akabonyeza, kisha akakigeuza kioo. "Ehee! Mbona ni mwanamume?"

Palikuwa na bwana mwenye mvi, tai shingoni. Injinia, mjane, anatafuta mke mcha Mungu. Kando ya jina lake iling'aa alama ya kijani: mtu aliyehakikiwa.

"Wa kwenye picha simjui," dobi alisema. "Mwenye akaunti namjua. Ni mwembamba, ana kovu chini ya kidevu. Siku moja aliniomba simu, akasema anaunganisha kitu cha kazi."

Karani aliacha kucheka. "Wanawake wanne wameshamlalamikia huyu injinia. Anawaalika chai, anawatilia dawa, wanaamka hawana pete wala mkoba. Mmoja alilazwa siku nne. Akaunti tumeifunga mara mbili, anafungua nyingine kwa laini ileile."

"Na makato?"

"Makato…" Karani alikohoa. "Makato hayakufungwa."

"Hiyo alama ya kijani, nani alimhakiki?"

Binti akatazama vidole vyake. "Hupewa kila anayelipa."

"Yaani mimi."

Dobi alifungua fundo la leso yake, zikadondoka mezani pete tatu, kila moja na saizi yake.

"Nimezikuta nikimfulia suruali."

"Hata kumfulia, mama! Mtu kakuibia laini na bado unampigia pasi?"

"Kazi yangu kufua."

"Anakaa wapi?"

"Kwangu."

"Ndizo zao! Anakuja kwa siku mbili, mara mswaki umeshahamia."

Dobi hakucheka. "Kesho saa nane mchana ana miadi na muuguzi mmoja. Nimeusoma ujumbe kwenye simu yake. Huyo muuguzi anasema alikuwa anaogopa, ila ameiona alama ya kijani, moyo umetulia."

Karani akafungua fomu upesi. "Hii ikitoka hapa inakwenda polisi moja kwa moja. Jina lake la kweli?"

Dobi alilitaja, kwa sauti ya chini sana hata ikambidi alirudie. Akataja mtaa, nyumba, na mlango wa bati uliopakwa rangi ya bluu nusu. Mikono yake ilikuwa ikiikunja leso pembe kwa pembe, ikiikunjua, ikiikunja tena, kama shuka la mteja.

"Swali la saba. Ulianza lini kumfahamu mtu huyu?"

"Ruka hilo."

"Halirukiki, mama. Nikiliacha wazi, fomu haiendi."

Dobi alitazama mlangoni. Mlinzi alikuwa anapiga miayo.

"Akikamatwa atafungwa?"

"Tena miaka mingi."

Dobi alizikusanya pete, akasimama. Karani akamdaka mkono. "Mama, nikuulize kama mtu na mtu. Bado unampenda?"

"Nitaachaje?"

"Utaacha. Wenzako wote walisema hivyo, na leo hata jina lake hawataki kulisikia. Walimu, wenye maduka yao, wamekaa kwenye kiti hicho hicho wamejifunika uso. Aibu ni yake huyo mwanamume, si yako."

"Hii ni yangu," dobi alisema.

"Basi mfikirie muuguzi. Mimi ujumbe wa wateja siwezi kuufungua, sina simu yake wala jina lake kamili. Nina wewe tu."

Dobi alibaki amesimama. Alama ya kijani ilikuwa bado inang'aa kwenye kioo, ndogo, safi. Polepole akakaa. Akazirudisha pete mezani, moja, moja, na moja. Kisha akaushusha mtandio mabegani, uso wake ukabaki wazi.

"Andika, binti. Swali la saba."

"Nakusikiliza. Ulianza lini kumfahamu?"

"Miaka thelathini na moja iliyopita, asubuhi, mkunga alipomlaza kifuani kwangu."