Kilo za Tulia

Mtu wa kwanza kuja kuomba kumchukua Tulia hakuuliza jina lake wala umri wake. Aliuliza kilo.

"Mama, uyu mbwa iko na kilo ngapi?"

Honorine alimtazama toka juu hadi chini. Mtu mwenyewe, Chama, hakuwa na haja ya kusema kazi yake. Shati lilinuka moshi, kucha zimejaa mafuta ya mbuzi: alikuwa mchoma michopo. Sasa niambie, mchoma nyama akiuliza kilo za mbwa, wewe utafikiri nini? Visa vya michopo isiyokuwa ya mbuzi Honorine alivisikia tangu utotoni, na siku zote alivicheka. Leo hakucheka.

"Kilo za nini, Papa Chama?"

"Minataka tu kujua," alijibu, akatazama chini.

Wiki sita nyuma, alfajiri, Honorine alimkuta mbwa huyo amefungwa kwa kipande cha kitenge kwenye lango la lupango lake huko Kasapa, ua alimokuwa akiwatunza mbwa waliotupwa. Shingoni alikuwa na kidonda cha waya. Mgongoni, makovu ya moto. Alitetemeka hata sufuria ikiguswa tu, ndiyo maana akamwita Tulia, jina la kumwombea. Lakini daktari wa wanyama alipompapasa tumbo alishangaa. Mbwa alikuwa ameshiba nyama.

"Kuko muntu alikuwa anamunenepesha," daktari alisema, na neno hilo likamganda Honorine kichwani.

Sasa muda ulikuwa umekwisha. Majirani walichoshwa na vilio vya Tulia. Juzi mtu alirusha nyama yenye sumu juu ya ukuta, akafa mbwa mwingine aliyewahi kuila. Tulia alipaswa kuondoka leo. Asubuhi Honorine alisambaza picha yake kwenye WhatsApp, kisha akakaa akiogopa mambo mawili: kwamba hatakuja mtu, na kwamba atakuja mtu mbaya.

"Basi mulete nimuone," Chama alisema.

Honorine alimtoa kwa kamba. Mbwa alipomwona yule mwanamume tu, alipiga mayowe, akaruka, akajirusha huku na huku mpaka kamba ikamchuna Honorine kiganja. Tangu aingie pale hakuwahi kulia namna ile. Honorine alimburuta ndani, akatoka, akafunga mlango, akauegemea kwa mgongo.

"Anakuogopa, papa."

"Hapana, mama. Zamani nilikuwa na jirani mubaya, singeweza kufuga. Uyu mwezi nimehama. Sasa naweza."

"Nitakupigia simu," Honorine alisema, na hakuwa na nia ya kumpigia.

Chama aliutazama ule mlango, kisha akawasha pikipiki. Tulia alilia nyuma ya mlango mpaka mlio wa pikipiki ukapotea.

Saa sita ikaja gari kutoka katikati ya mji. Alishuka mama mmoja, Maman Estelle, kitenge kimenyooka kwa pasi, sauti ya chini kama ya mtu anayetoka kanisani. Alisema ana lupango kubwa, ukuta mrefu, na hana watoto wa kumsumbua mnyama. Hakuuliza kilo. Kwa kweli hakuuliza kitu. Honorine alitaka kumkumbatia.

Alimtoa Tulia akingoja mayowe. Hayakuja. Mbwa alishusha tumbo mpaka chini, akalaza masikio nyuma, akalala miguuni pa yule mama bila sauti yoyote. Hata mkojo ulimtoka kidogo.

"Anaona haya," Honorine alisema, akicheka kwa mara ya kwanza wiki ile. "Tazama, maman, amekuzoea mara moja."

"Mbwa banajuaka muntu," alijibu Maman Estelle. Alimfunga mnyororo aliokuja nao. Alisema "twende" mara moja tu, na Tulia, ambaye wiki sita hakukubali kusogelea gari, akaingia mwenyewe.

Saa tisa pikipiki ilirudi. Hofu ikamrudia Honorine; akaongea na Chama kupitia nondo za lango, bila kufungua.

"Ameshapata nyumba, papa. Usijisumbue."

Chama alitikisa kichwa kukubali, akapenyeza kipakiti kidogo katikati ya nondo.

"Ni dawa ya minyoo. Utawapa bale bamemuchukua. Ku farmasi banasema bila kilo habawezi kupima, basi nimekisia tu."

Honorine alikiangalia kile kipakiti. Aibu ikampanda mpaka masikioni. Mtu wa watu, na yeye kichwani alikuwa amekwisha kumweka mbwa kwenye makaa yake.

"Ni bantu bazuri?" Chama aliuliza. "Ile njo minataka kujua. Asirudie tu kule alikotoka."

"Bazuri sana, papa. Ngoja, nitakuonyesha." Alifungua lango, akafungua na simu. Maman Estelle alikuwa ametuma picha: Tulia amelala kando ya ngazi za nyumba kubwa yenye vigae vya kijani. Chini yake aliandika, *Amefika muzuri. Ametulia.*

Chama alifuta mikono kwenye shati, akaipokea simu kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na macho. Aliitazama mpaka kioo kikazimika.

"Mama," alisema, "mu iyi lupango njo nilimuiba, nikamufunga ku lango yako."