Skrubu za Marehemu

Arobaini ya mumewe haijafika, Nyamizi akabishiwa hodi. Alikuwa Bwana Lugendo wa Ofisi ya Ugawaji, drili mkononi.

"Pole sana, dada. Nimefuata skrubu za marehemu."

Kila mtu hupewa skrubu mia za kujengea, na akifa hurudishwa. Nyamizi alilijua hilo, lakini kujua si kuona. Lugendo alianza kuzichomoa kwenye kingo za plaiwudi ya ukuta, pale inaposhikana na nguzo za chuma chepesi.

"Chomoa basi za katikati!" Nyamizi alifoka. "Hizo za kingoni ndizo zinazozuia nyumba isilale upande. Nina mtoto mchanga humu, huna haya?"

"Zake ndizo hizi, dada. Zina namba yake."

Upepo ulivuma, na plaiwudi ikaanza kugonga chuma, ta, ta, ta. Chumbani mama mkwe akakohoa. Lugendo akazima drili.

"Na bibi," aliuliza kwa upole, "kifua chake kinaendeleaje?"

"Mzima kuliko wewe!" Nyamizi akauziba mlango wa chumba kwa mgongo wake.

Nyuma yake kikohozi kikarudi, kirefu zaidi. Lugendo akatoa kalamu.