Dozi ya Pili ya Obedi

Kwa siku ya nne mfululizo Philomena alisimama kwenye dirisha la chanjo, mjini Kasulu, akidai cheti cha mtu aliyekuwa katikati ya bahari.

"Shikamoo, mama. Leo tena?" alisema Firdausi, muuguzi wa dirishani, binti wa Tanga aliyepangiwa kazi huku mwaka jana tu.

"Marahaba. Na leo usinitajie mtandao."

Jumatatu mtandao haukuwepo. Jumanne ulirudi, umeme ukakatika. Jumatano vyote vilikuwepo, akaambiwa kwamba bila namba ya kitambulisho cha taifa hakuna kinachoweza kutafutwa. Siku hiyo alirudi nyumbani akiongea peke yake barabarani, bodaboda wakimpigia honi asiwasikie.

Nyumbani, mumewe Stanislaus alikuwa kitandani, upande mmoja wa mwili umepooza tangu Krismasi. Maneno yote yalimpotea, likabaki jina la mwanawe. "Obedi," anasema kukicha. "Obedi," anasema akilishwa uji.

Na Obedi alikuwa melini. Mwezi wa kumi alichanjwa dozi ya kwanza papo hapo dirishani, akaaga, akaenda kuwa msaidizi wa jikoni kwenye meli ya watalii yenye ghorofa kumi na mbili. Alikuwa kijana wa kwanza wa mtaa wao kupata kazi ya baharini. Hata padri alimtaja kanisani. Kisha Uviko ukaingia melini. Abiria wakaanza kukohoa, wakafungiwa vyumbani, chakula kikawa kinawekwa mlangoni na kuachwa. Bandari ya kwanza ikawakataa. Ya pili ikawapa maji na dawa, nayo ikawakataa. Sasa, alisema Obedi kwa simu, kampuni imetoa amri: asiye na dozi mbili hashuki, na dozi chache zilizomo melini wanaanza kuchanjwa abiria.

"Basi nitume cheti cha ile ya kwanza," Philomena alimwambia. "Waone umebakiza moja tu, wakutangulize."

"Achana nayo, mama. Utajichosha bure. Kampuni itashughulikia."

Ndivyo alivyo mwanangu, aliwaza Philomena. Hata akizama hataki kumsumbua mtu. Lakini habari ya kungoja ilikuwa imemfika kooni. Meli inaingoja bandari, bandari inaingoja serikali, muuguzi anaungoja mtandao, na katika wote hao aliyekuwa hana muda wa kungoja ni Stanislaus.

Alitoa kopi ya kitambulisho kwenye kitenge. Aliipata usiku wa jana ndani ya sanduku la shule la Obedi, chini ya sare.

"Mtandao upo," Firdausi alisema, mwenyewe akashangaa. "Ila, mama, taarifa za mtu hupewa mwenyewe. Nataka nimsikie akikubali kwa sauti yake."

"Hata hilo?"

"Ndio utaratibu, mama yangu."

Philomena akapiga simu, akaiweka spika kwa sababu masikio yake hayakuwa mazuri. Namba ilikuwa ileile ya zamani. Meli za siku hizi, Obedi aliwahi kumweleza, zina mnara wake wa simu.

"Mama, niko kazini." Obedi alipokea akihema. Nyuma yake wanaume walikuwa wakiitana, kitu kizito kikatua, pu! "Bahari leo imechafuka."

"Pole, mwanangu. Niko hapa kwa muuguzi. Anataka neno lako tu, atoe cheti."

"Nilikuambia uachane nayo."

"Niachane nayo mpaka lini?" Philomena alipaza sauti, foleni nzima ikageuka. "Mpaka baba yako azikwe? Miezi mitatu nakuomba uje umshike mkono, na wewe kila siku bandari, kila siku karantini! Nimechoka, Obedi. Nimeichoka hiyo bahari yako!"

Sauti ya mwanawe ikarudi ndogo, kama ya siku zile alipokuwa akivunja chungu na kujificha nyuma ya nyumba.

"Baba bado ananitaja?"

"Hana neno jingine."

Wale wanaume walimwita mara mbili, hakuitika.

"Dada muuguzi, unanisikia?"

"Nakusikia, kaka."

"Nimekubali. Fungua. Umsomee mama yote yaliyoandikwa humo."

Firdausi akaingiza namba, tarakimu moja baada ya nyingine. Kompyuta ilizunguka, ikazunguka. Halafu muuguzi akatabasamu.

"Mama, mmehangaika bure! Dozi zote mbili anazo. Ya pili amechanjwa Alhamisi iliyopita."

Philomena alizikamata nondo za dirisha kwa mikono miwili, machozi yakamlengalenga. "Asante Mungu! Kumbe wamemchanja hukohuko melini?"

Firdausi alisoma mara ya pili, na tabasamu likamtoka.

"Hapana, mama. Ni hapa jirani, Kibondo, kambi ya wakimbizi ya Nduta. Kazi yake: kibarua, kushusha mahindi ya mgawo."